Pumzi, sala inayobaki uzeeni: fundisho la mtawa aliyepoteza sauti

Mtu akizeeka, namna yake ya kusali inabadilika. Magoti yanakataa kupigwa, macho hayasomi tena kitabu cha nyimbo, njia ya kwenda kanisani ama msikitini inakuwa ndefu. Kwa wazee wa Kivu na Ituri waliokimbia vita, kuna zaidi: aliyetoka nyumbani usiku hakubeba hata rozari. Anabaki na nini cha kusali nacho?

Maisha ya mtawa mmoja wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, yanatoa jibu: anabaki na pumzi yake.

Mtawa huyo naye alijua vita. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hue, akaingia monasteri ya dini ya Buddha akiwa na miaka 16. Mwaka 1966 alikwenda Marekani na Ulaya kuomba vita vya nchi yake visimame, kisha akazuiwa kurudi. Mwaka uliofuata, mchungaji Martin Luther King alipendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Alikanyaga tena ardhi ya Vietnam mwaka 2005, baada ya miaka 39.

Akiwa uhamishoni, mwaka 1982, alianzisha pamoja na wenzake jumuiya ya Plum Village, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko, kengele ikilia, kila mtu anasimamisha kazi: anayelima, anayepika, hata anayezungumza. Wanapumua mara tatu kwa utulivu, halafu wanaendelea.

Fundisho lenyewe ni la zamani, tangu Buddha. Mtu anavuta pumzi akijua kwamba anavuta, anaitoa akijua kwamba anaitoa. Hailazimishi kuwa ndefu ama fupi. Mawazo yakikimbilia shamba lililoachwa ama mtoto asiyejulikana alipo, hajigombezi. Anarudi polepole kwenye pumzi.

Ulimi uliponyamaza

Novemba 2014, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 88, Thich Nhat Hanh alipatwa na kiharusi kikali, kile ambacho wengi kwetu wanaita AVC. Mwandishi wa vitabu zaidi ya 100 hakuweza tena kusema. Upande wa kuume wa mwili wake ulipooza. Kwa miaka zaidi ya saba aliwasiliana kwa macho na ishara, akisukumwa katika kiti cha magurudumu.

Mwaka 2018 alirudi Hue, katika monasteri ileile ya ujana wake, na hapo alifariki tarehe 22 Januari 2022, akiwa na miaka 95. Mahubiri yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi, lakini zoezi alilofundisha halikuhitaji ulimi wala miguu.

Si geni kwa Wakristo na Waislamu

Muumini anaweza kuuliza kama jambo hili ni la Wabuddha peke yao. Hapana. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliweka katika Mazoezi ya Kiroho, yaliyoidhinishwa na Papa mwaka 1548, namna ya kusali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi. Watawa Waorthodoksi wa Mlima Athos wameunganisha jina la Yesu na pumzi kwa karne nyingi. Na katika twarika za Kisufi kuna dhikiri inayofuata pumzi.

Kwa mzee, kuanza si kazi ngumu. Akae kwenye kiti, nyayo zikiwa chini, ama alale chali kama mgongo unauma. Asikie hewa ikiingia na kutoka. Dakika tatu asubuhi zinatosha, na nyingine usiku usingizi unapokataa. Anayetaka aweke jina la Mungu ndani ya kila pumzi.

Pumzi ikitoka taratibu, moyo nao hupunguza mwendo. Lakini zoezi hili halichukui nafasi ya dawa za tansiyo, na mzee anayeumwa kifua ama kukosa hewa apelekwe hospitali haraka.

Wana na wajukuu nao wana sehemu yao. Mzee akikaa kimya uani, si lazima awe na huzuni ama amesinzia. Inawezekana anasali. Anayeweza avute kiti, akae karibu naye.