Majani ya tumbaku, damu ya Kikwit

Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikifyeka watu Liberia, Sierra Leone na Guinea, zilienea habari kwamba Wamarekani wamepata dawa kwenye tumbaku. Wengi waliosikia walidhani ni mitishamba: jani lachemshwa, mgonjwa anakunywa. Wapi! Dawa hiyo, ZMapp, ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu, yaani protini zinazovinasa virusi kabla havijaingia kwenye chembe za mwili. Tumbaku ilikuwa kiwanda tu.

Mmea wenyewe ni Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku ya kuvuta, asili yake Australia. Kinga yake ni dhaifu, kwa hiyo ukipandikizwa vinasaba vya kigeni haupambani navyo sana. Huko Kentucky, miche ilipinduliwa kichwa chini, majani yakazamishwa kwenye maji yenye bakteria waliobeba vinasaba vya kingamwili. Hewa ilinyonywa kutoka kwenye chombo. Iliporudishwa, yale maji yakapenya ndani ya majani. Baada ya wiki moja hivi majani yalivunwa, yakasagwa, na kwenye rojo lile la kijani ikachujwa protini.

Wahudumu wawili wa Kimarekani waliougulia Liberia walipewa, wakapona. Sierra Leone, Daktari Sheik Umar Khan hakupewa: dawa ilikuwapo kituoni, lakini waliomtibu walisita kumpa kitu ambacho hakijawahi kujaribiwa kwa binadamu. Alifariki tarehe 29 Julai. Siwalaumu. Hata waliopona hawakuthibitisha lolote, maana wapo wanaopona Ebola bila dawa. Jaribio rasmi lilipoanza mwaka 2015 mlipuko ulikuwa ukizimika, wakapatikana wagonjwa 72 tu, na jibu halikutosha.

Jibu lilikuja kupatikana katika mlipuko mwingine, Kivu Kaskazini, Kongo. Kuanzia Novemba 2018, Beni na Butembo, katikati ya vita na vituo vya matibabu kuchomwa moto, wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya dawa nne. Waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu. Waliopewa dawa ya kingamwili iitwayo mAb114 walikufa asilimia 35, na dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, ilikaribiana nayo. Agosti 2019 ZMapp ikawekwa kando.

Hiyo mAb114 haikutoka mbali. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wapatao 250 katika mji wa Kikwit, Kongo. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona; saba wakanusurika. Wataalamu wa nje walikunja uso: hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Miaka 11 baadaye mmoja wa manusura wa Kikwit alitolewa damu, na kingamwili ya mtu huyo ndiyo ikawa dawa.

Katika jaribio la Kivu, waliopewa mAb114 virusi vikiwa bado vichache mwilini walikufa mmoja hivi kati ya kumi. Kwa familia zilizokuwa zikificha wagonjwa kwa kuamini kituoni watu huenda kufa, takwimu hiyo ilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya waziri.

Lakini dawa hizo, pamoja na chanjo ya Ervebo waliyochanjwa zaidi ya watu 300,000 katika mlipuko huo, zinalenga Ebola ya aina ya Zaire. Septemba 2022 Ebola iliyozuka Mubende, Uganda, ilikuwa ya aina ya Sudan, na kwa hiyo hazikufaa kitu. Chanjo za majaribio dhidi ya aina hiyo zilitua Entebbe mwezi Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani. Hapakuwa na wa kujaribiwa. Dozi zilibaki nchini. Ebola hiyo ilipozuka tena Kampala, mwishoni mwa Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza ndani ya siku nne.