Maabara ya bure kwa shule isiyo na maabara

Katika shule nyingi za kutwa huko mashinani, Fizikia hufundishwa kwa chaki. Mwalimu huchora betri, balbu na waya ubaoni, nao wanafunzi hunakili. Kisha siku ya mtihani wa vitendo wa KCSE, wapo wanaoshika ammita kwa mara ya kwanza!

Hapo ndipo PhET inapofaa. Huu ni mkusanyo wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ulioanzishwa mwaka wa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Mwanafunzi huunganisha waya kiooni, akaona balbu ikiwaka. Akiongeza betri, mwangaza huzidi. Akikosea, hakuna kinachoungua. Baadhi ya majaribio hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Ni ya bure, lakini msomaji asidanganyike: intaneti hununuliwa. Mwalimu anayelipia bando kutoka mfukoni kila kipindi atachoka kabla muhula haujaisha. Afadhali ayapakue mara moja, ayahifadhi, kisha ayafungue darasani bila mtandao. Kompyuta moja yatosha, mradi wanafunzi wakaribie kwa zamu na wabashiri jibu kabla hajabonyeza. Asipowauliza, watatazama kama sinema.

Hata hivyo, kioo hakimfunzi mtoto kukaza waya uliolegea. Betri mbili, balbu ya tochi na waya kidogo si mzigo kwa wazazi kuchangia.