Kazi imeisha, unauza mtandaoni: fao la NSSF si mtaji, ni ngao ya mtaji



Wengi wetu tunaouza mtandaoni tulianza baada ya ajira kuisha. Wengine bado mmeajiriwa, mnauza jioni na wikiendi. Swali ninaloulizwa sana inbox ni hili: "Nimeachishwa kazi. Nikachukue hela zangu zote NSSF niongeze mzigo?" Leo tuliweke sawa.

Hela zote hazitoki

Lile fao la kujitoa tulilozoea, la kuacha kazi na kuchukua michango yote, liliondolewa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Badala yake kuna fao la kukosa ajira. Kama umechangia angalau miezi 18, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi, kwa miezi 6. Aliyechangia chini ya hapo halipwi kila mwezi, anapata malipo ya mkupuo. Michango inayobaki haipotei. Ukiajiriwa tena, unaendelea ulipoishia.

Tupige hesabu. Mshahara ulikuwa 450,000. Fao ni karibu 150,000 kwa mwezi, na kwa miezi sita inafika karibu 900,000. Ila haiji kwa pamoja, inakuja kidogo kidogo. Kwa hiyo usikope mzigo wa laki nane ukimwahidi mwenye duka la jumla kwamba utamlipa "NSSF ikitoka". Utagombana naye mwezi wa kwanza tu.

Mimi naitazama hivi: hiyo 150,000 ni ya kodi ya chumba, unga na luku. Biashara ndogo nyingi hufa kwa sababu mwenyewe anakula mtaji, hata kama wateja wapo. Ukiwa na cha kula kwa miezi sita, pesa ya viatu inarudi kununua viatu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Mtaji utatoka wapi?

Angalia kwanza anachodaiwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefanya kazi mfululizo kuanzia miezi 12 kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Kwa mshahara ule ule wa 450,000 na miaka minne, ni kama 484,000. Ongeza malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na malipo ya notisi kama hukupewa. Hizo unaweza kuzifikiria kama mtaji, na hazitoki NSSF, zinatoka kwa mwajiri.

Haki inapopotea

Fao la kukosa ajira halilipwi kwa aliyeacha kazi kwa hiari. Shikeni sana hapo. Mahali nilipokuwa nimeajiriwa, watu walipopunguzwa tuliletewa barua zilizokwisha kuchapwa, zinasema sisi wenyewe tumeomba kuacha. Tukaambiwa ni ili mambo yaende haraka. Mimi sikusaini, niliomba barua inayosema mwajiri ndiye amesitisha ajira. Waliosaini walikuwa wamejiandika wenyewe kwamba wameacha kwa hiari. Soma barua yote kabla hujagusa kalamu. Ukiona haieleweki, omba uende nayo nyumbani ukasomewe na mtu unayemwamini.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Usikae ukisubiri boss abadili mawazo, siku zinahesabika.

Fanya hivi

1. Angalia michango yako ukiwa bado kazini. Jumla inatakiwa kuwa asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya 10. Kuna waajiri wanaokata kwenye mshahara bila kupeleka. Ukikuta miezi imeruka, peleka taarifa NSSF na salary slip zako mkononi.

2. Kusanya karatasi: barua ya kusitishwa ajira, mkataba, cheti cha utumishi, salary slip, kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na taarifa za akaunti ya benki. Majina yafanane kote. Kama NIDA inasema Yohana na benki inasema John, anza kulirekebisha hilo mapema.

3. Peleka maombi mwenyewe. Tulioko Mfaranyaki ofisi ya NSSF iko hapa hapa Songea mjini, huhitaji kusafiri. Baki na nakala ya kila unachokabidhi, na uandike tarehe.

4. Usimlipe mtu "kuharakisha fao". Kudai fao hakulipiwi. Anayekupigia simu akitaka namba ya siri au hela ya kufungua faili, huyo tapeli.

5. Linda fao ukishaanza kulipwa. Ni la mtu asiye na ajira. Ukipata kazi nyingine, toa taarifa. Ukiulizwa unafanya nini kwa sasa, sema ukweli kwamba unauza vitu mtandaoni. Maelezo ya uongo kwenye fomu yanaweza kukurudia.

Miezi sita inapita haraka. Ukiona biashara imeshika na hutafuti tena ajira, NSSF inapokea pia michango ya waliojiajiri. Hata kidogo kila mwezi ni bora kuliko kufika uzeeni na status za WhatsApp tu.

Mtumie na mwenzako ambaye bado ameajiriwa. Yeye ndiye bado ana nafasi ya kusoma barua kabla ya kusaini.