Kamioneti Mpya: Injini Gani Itatufaa Njia ya Manguredjipa?

Katika jamaa nyingi za Butembo, Beni na sekta ya Bapere, watu wamejizoeza kuweka fedha pamoja kwa likelemba au kwa shirika la ndugu. Kahawa ikiuzwa, sehemu huwekwa. Kakao ikiuzwa, sehemu huwekwa. Baada ya miaka kadhaa lafika neno kubwa: tununue kamioneti mpya. Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja ataka injini ya esansi, maana ni rahisi kununua na haina makelele. Mwingine ataka mazutu, maana baba yake aliendesha mazutu. Kijana aliyetoka mjini ataka ile mpya yenye turbo na kompyuta, maana kitabu chake chasema ina nguvu kupita zote.

Twapenda leo kulipima neno hili polepole mbele ya wasomaji wetu. Anayekosea katika kununua kofia hupoteza kofia tu. Anayekosea katika kununua injini hulipa miaka mingi, wala halipi peke yake: hulipa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, hulipa mama ambaye ndizi zake zimeoza njiani, hulipa na mgonjwa aliyengoja gari lisilofika.

Njia ndiyo mwalimu wa kwanza

Kabla ya kuuliza gari lina nguvu gani, yafaa kuuliza litapita wapi. Butembo ni mji wa milimani, kwenye kimo cha meta 1,700 hivi. Manguredjipa iko kiasi cha kilometa 100 upande wa magharibi, chini, katika nchi ya msitu, na njia yake hupita Njiapanda. Zamani za Wabeleji, kampuni ya Minière des Grands Lacs ilichimba dhahabu katika nchi ile, na hata leo dhahabu, mbao, mawese, mpunga, kakao na kahawa hutoka huko. Chumvi, sabuni, nguo, samaki na saruji huteremka kutoka Butembo.

Kwa hiyo gari huenda na mzigo na kurudi na mzigo, tena marudio yake ni kupanda mlima. Nchi iko karibu na mstari wa ikweta, na mvua hainyeshi kwa msimu mmoja ikaisha. Udongo hugeuka tope, malori makubwa huchimba mashimo, na mahali pengine mwendo ni wa mguu. Tena tangu mwaka 2024 mashambulizi ya wapiganaji wa ADF yamefika hata Bapere, na watu wengi wamelazimika kuacha makao yao. Gari lililozimika msituni wakati wa jua kuchwa si hasara ya fedha tu. Ni hatari ya roho za watu. Kwa sababu hiyo sisi twasema: kwa njia hii, injini bora si ile ikimbiayo kupita nyingine, bali ile ifikayo.

Namna mbili za kuwasha moto

Injini ya esansi na injini ya mazutu ni ndugu, lakini tabia zao ni mbalimbali. Ile ya kwanza yafuata kazi ya Mjerumani Nikolaus Otto, aliyeifanikisha mwaka 1876. Hewa na esansi huchanganywa, pistoni huzibana mara 10 hivi, kisha buji hutoa cheche na moto huwaka. Ile ya pili ni kazi ya Rudolf Diesel, Mjerumani pia, ambaye injini yake ilifaulu katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Yeye aliiacha cheche kabisa. Katika injini yake pistoni hubana hewa peke yake, mara 16 mpaka 22, na hewa ikibanwa hivyo hupata joto kupita digrii 500. Mazutu yakinyunyizwa katika hewa hiyo, huwaka yenyewe pasipo buji.

Kila jambo jingine latokana na tofauti hiyo. Injini ya mazutu hubeba msukumo mkubwa, basi hujengwa kwa chuma kizito, na bei yake hupanda. Kwa kuwa yabana zaidi, yapata kazi nyingi zaidi katika kila lita. Injini ya esansi ni nyepesi, huwaka upesi asubuhi ya baridi, na bei yake ya kwanza ni nafuu. Lakini buji na nyaya zake hazipendi maji. Na katika vijito vya njia yetu maji hayakosi.

Namba zipi zitazamwe?

Hapa wengi hudanganyika. Wauzaji hupenda kutaja nguvu ya injini kwa farasi au kwa kilowati. Namba hiyo ni ya kweli, lakini hupimwa injini ikizunguka mbio sana, nasi katika tope hatuendi mbio. Namba ya kutazama ni nguvu ya kuzungusha gurudumu, ambayo vitabu huiandika kwa nyutoni-meta, pamoja na mzunguko ambao nguvu hiyo hupatikana.

Tutoe mfano mmoja. Toyota Hilux imeuzwa katika Afrika na injini ya esansi ya lita 2.7, yenye kilowati 122. Imeuzwa pia na injini ya mazutu ya lita 2.4, yenye turbo na kilowati 110. Anayesoma kilowati tu atachagua esansi. Lakini nguvu ya kuzungusha ya ile ya esansi ni nyutoni-meta 245, tena hupatikana injini ikizunguka mara 4,000 hivi kwa dakika. Ya mazutu yafika 400, nayo huanza kwenye mizunguko kama 1,600. Maana yake, kwenye mlima dereva wa esansi itamlazimu kuikanyaga injini mpaka ilie, na mwenzake wa mazutu atapanda kwa sauti ya chini, akiongoza magurudumu yasiteleze.

Mazutu ya zamani na mazutu ya sasa

Aliyekwisha kuchagua mazutu bado ana njia panda ya pili. Katika Land Cruiser kubwa ya kazi, mafundi wetu waijua sana injini iitwayo 1HZ, iliyoanza mwaka 1990. Ni ya silinda 6 na lita 4.2, haina turbo, na pompi yake ya mazutu huendeshwa kwa vyuma, si kwa kompyuta. Nguvu yake ni kilowati 96 na nyutoni-meta 285 tu. Ukiilinganisha na injini mpya ya lita 2.8, iitwayo 1GD, utacheka: hii yafika kilowati 150, na katika magari yenye gia za otomatiki nyutoni-meta 500. Kuanzia mwaka 2023 Toyota iliitia injini hiyo hata katika Land Cruiser za aina ya 70.

Mbona basi wengi wangali wakiipenda ile nzee? Si kwa ujinga. Ikiharibika, fundi wa garaji ndogo aweza kuisikiliza, kuifungua kwa funguo zake na kuifunga tena. Vipande vyake hupatikana. Ile mpya husukuma mazutu kwa nguvu inayozidi mara 2,000 ya msukumo wa hewa tuivutayo, kupitia vitundu vyembamba mno vya injekta. Tone la maji au chembe ya mchanga, ambayo injini nzee huenda ikaimeza na kukohoa, hii yaweza kuharibiwa nayo. Tena ikigundua kasoro, kompyuta yaweza kuipunguzia nguvu ili isivunjike. Na fundi asiye na chombo cha kuisoma kompyuta hana la kufanya ila kukisia.

Lakini tuseme haki, tusiisifu nzee kupita kiasi. Hewa ya Butembo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo, na mlimani ikiwa na mzigo huenda pole na kutoa moshi. Turbo huisukumia injini hewa, hivyo kimo hakiisumbui sana. Tena 1HZ ina mkanda wa ndani uendeshao vali, nao lazima ubadilishwe kwa kilometa zilizoandikwa kitabuni. Asiyeubadilisha na ukakatika, aweza kuipoteza injini nzima. Na Land Cruiser yenyewe ni ghali kuliko Hilux.

Mafuta ya chupa na ya bidoni

Mazutu na esansi zitumikazo Butembo huja hasa kwa mpaka wa Kasindi, zikipita Uganda. Zikifika vijijini huwa zimekwisha kumiminwa mara nyingi: kutoka tangi hadi pipa, kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa ya wale wauzaji wa njiani ambao watu huwaita kadhafi. Kila kumimina ni mlango wa maji na vumbi. Wako na wachanganyaji watiao mafuta ya taa katika mazutu ili wapate faida. Mazutu hulainisha pompi. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na chuma husuguana na chuma.

Liko pia jambo la kiberiti kilichomo ndani ya mazutu. Ulaya, tangu mwaka 2009, hairuhusu kupita sehemu 10 katika milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipatana kushuka hadi sehemu 50 kuanzia mwaka 2015, na Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Injini zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina chujio la moshi ambalo lataka mazutu safi kabisa. Likila mengine, huziba. Kwa hiyo anayenunua injini mpya amwulize muuzaji waziwazi: je, hii ni ya Ulaya, au ni ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya Afrika? Jibu aliandikishe katika karatasi za ununuzi.

Tufanye hesabu nyumbani

Karamu na kalamu zisichanganywe. Siku ya kuamua, baba na mama wakae mezani na daftari. Tuseme, kwa mfano tu, kamioneti ya esansi yenye mzigo yala lita 18 kwa kilometa 100 za njia mbaya, na ya mazutu lita 13. Safari ya Manguredjipa, kwenda na kurudi, ni kilometa 200: lita 36 kwa 26. Tofauti ni lita 10. Safari 6 kwa mwezi ni lita 60. Kwa mwaka ni lita 720. Kila jamaa iweke bei ya mahali pake, ione mazutu yatairudisha lini ile ziada ya bei ya kwanza. Mwenye safari nyingi atairudisha upesi. Mwenye safari 2 kwa mwezi huenda asiirudishe hata gari lizeeke.

Katika hesabu hiyo waandike pia chujio la mazutu, oili, mkanda na magurudumu. Mama asiachwe nje ya shauri. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye fedha ya nyumba yatoka wapi na yaenda wapi, na swali lake moja, “Ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa siku ngapi?”, lapita maneno yote ya muuzaji.

Shauri letu

Mwenye kufanya kazi mjini Butembo au Beni, safari fupi na mzigo mwepesi, achukue esansi bila haya. Ataokoa bei ya kwanza, na fundi hatakuwa mbali.

Mwenye kupanda na kushuka njia ya Manguredjipa kila juma na mzigo, achukue mazutu. Ikiwa atanunua mafuta ya bidoni, na fundi wake hana kompyuta, achukue injini nyepesi kufunguliwa, akubali kwenda pole. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ikiwa aweza kupata mazutu safi kwa mwuzaji mmoja amjuaye, na mjini yuko fundi mwenye chombo na ujuzi, basi ile mpya ya turbo itamfaa: itakula kidogo na kupanda vizuri. Huyo asifuate akiba ya uongo. Achuje mazutu kwa kitambaa kizito, aache bidoni itulie usiku ili maji yashuke chini, amwage maji ya chujio kila juma, na baada ya mlima mrefu aiache injini ipumue dakika moja au mbili kabla ya kuizima, kwa ajili ya turbo.

Na yote mawili yana adui mmoja, ndiye mzigo wa kupita kiasi. Hilux hubeba tani moja hivi. Anayeipakia tani mbili, kisha akailaumu injini, ni kama mtu amtwikaye punda nyumba nzima, kisha akamwita mvivu.

Basi, wenye likelemba, msikimbilie kuhesabu farasi. Hesabuni kwanza mashimo ya njia yenu, usafi wa mafuta yenu na mikono ya mafundi wenu. Mkiisha kuyajua hayo matatu, mtajua ni injini gani ya kununua.