Kisiwa Bila Mlima, Magari Yanachemsha

Unguja haina mlima wa kuitesa gari. Mgongo wa Masingini, ulio miongoni mwa sehemu zake za juu kabisa, haufiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari, na dereva anayetoka mjini kwenda Nungwi au Makunduchi hapandi kitu kinachostahili jina la kilima. Hata hivyo si ajabu, jioni watu wanapotoka kazini, kuikuta Hiace au Noah imewekwa pembeni mwa barabara ya Bububu, abiria wameshushwa, kiti cha mbele kimeinuliwa kwa sababu injini iko chini yake, mvuke unafuka, na utingo anakuja mbio na dumu la maji aliyoomba nyumba ya jirani.

Kila mtu huitazama injini. Mimi naomba tulitazame dumu. Maji yale yanayoiokoa gari jioni hii ndiyo, yakirudiwa kila siku, yanayoiua.

Je, wajua kwamba injini ya petroli hugeuza kiasi cha theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo? Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huingia kwenye vyuma. Ndani ya silinda moto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ingawa ni kwa muda mfupi mno, wakati alumini, ambayo hedi nyingi za siku hizi zimetengenezwa nayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoinusuru hedi ni maji yanayozunguka katika mifereji yake bila kupumzika: pampu huyasukuma kwenye bloki, yakapanda kwenye hedi, yakatoka kwa mpira wa juu hadi kwenye rejeta, yakapozwa na upepo, yakarudi kwa mpira wa chini. Maji ni hodari wa kazi hii. Kilo moja huchukua kilojuli 4.2 kabla haijapanda joto kwa nyuzi moja, na ni vimiminika vichache sana duniani vinavyoweza kubeba mzigo kama huo.

Vespa zinazopenya vichochoro vya Mji Mkongwe zimeepukana na habari yote hii. Injini zao hupozwa kwa upepo wa feni, hazina rejeta wala tone la maji. Lakini gari ya abiria kumi na zaidi haiwezi kuishi kwa upepo peke yake.

Magari ya mwanzo hayakuyazungusha maji, yaliyaacha yachemke yaishe. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilipozwa kwa maji yaliyogeuka mvuke na kupotea. Mkewe, Bertha, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, alilazimika kusimama mara kwa mara njiani kutafuta maji. Ilibidi kusubiri mpaka Wilhelm Maybach alipobuni rejeta yenye vijitundu vingi vya kupitishia upepo, iliyowekwa kwenye Mercedes ya mwaka 1901, ndipo gari likaweza kutembea na maji yale yale siku nzima. Kwa hiyo dereva wa leo anayejaza maji kila safari amejirudishia gari la Bertha Benz, ila bila ya kujua, na kwa injini ambayo haikutengenezwa kwa maisha hayo.

Hapa ndipo Unguja yenyewe inapoingia. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu kubwa ya mwamba huo ni chokaa, ile ile iliyochomwa ikashika kuta za Mji Mkongwe. Mvua hupenya humo na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo kabla ya kutokea kisimani au kwenye chemchemi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mifereji mpaka mjini, na ni maji mazuri ya kunywa. Lakini yeyote mwenye birika anaujua ukoko mweupe unaobaki chini yake. Ukoko huo huo hujijenga ndani ya injini, na una tabia mbaya: chokaa hii hushindwa kubaki imeyeyuka maji yanapopata moto, hivyo huganda zaidi pale penye joto kali, yaani katika mifereji myembamba ya hedi karibu na valvu za moshi. Tabaka la milimita moja tu huzuia joto sawasawa na kuongeza zaidi ya sentimita mbili za chuma.

Tufanye hesabu. Tuseme lita moja ya maji ina miligramu 300 za chokaa, kiasi cha kawaida kwa maji yaliyopita kwenye mwamba wa namna hii. Mfumo wa lita 8 ukijazwa mara moja na kufungwa utapata chini ya gramu 2.5, zitaganda, basi, hadithi imeisha. Lakini gari inayovuja kidogo na kuongezwa lita moja kila siku huletewa zaidi ya gramu 100 kwa mwaka. Hata ikiganda nusu yake tu, inatosha kuziba mirija ya rejeta, ambayo upana wake wa ndani ni milimita chache. Ndiyo maana uvujaji mdogo ni hatari kuliko unavyoonekana. Madhara yake makubwa yamo katika maji yanayoongezwa kuliko katika yale yaliyopotea.

Visima vya karibu na pwani vinaongeza balaa jingine, nalo ni chumvi. Bloki ya chuma, hedi ya alumini na rejeta ya shaba zikizama pamoja katika maji ya chumvi huwa betri, na katika betri kuna chuma kimoja kinacholiwa. Mara nyingi huliwa alumini. Fundi akifungua mdomo wa thamostati na kukuta alumini imechimbikachimbika, anajua gari hiyo imenyweshwa maji gani.

Dawa ya balaa zote mbili ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini kinachouzwa kwa chupa. Lakini kuna hoja inayorudiwa sana, kwamba kulanti ni ya nchi za barafu, sisi wa joto inatuhusu nini? Ni kweli kwamba glikoli iliyomo huzuia maji yasigande, na Zanzibar hatuna haja hiyo. Tena, ukweli usemwe, glikoli hubeba joto kidogo kuliko maji matupu. Tunachokitaka ni vitu vingine vilivyotiwa humo: dawa za kuzuia kutu na kulinda alumini, na zinazoisaidia sili ya pampu idumu. Juu ya hayo kulanti huchelewesha kuchemka. Rangi peke yake haithibitishi kitu; maji yanaweza kutiwa rangi yoyote. Soma chupa uone kama ni ya kutumika hivyo hivyo au ya kuchanganywa, na kama ni ya kuchanganywa, usiichanganye na maji ya kisima ukarudi pale pale. Tumia maji yaliyotoneshwa. Hapa tahadhari: ukiomba dukani maji ya betri unaweza kupewa tindikali, kwa hiyo hakikisha unachonunua. Yakikosekana kabisa, maji safi ya mvua ya masika, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo, nayachagua kabla ya maji ya bomba.

Sasa, maji yanakwenda wapi? Hilo ndilo swali la kwanza, na fundi anayeanza kununua vipuri kabla ya kulijibu anacheza kamari kwa fedha ya mwenye gari. Njia nzuri ni kufunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi, kupandisha presha mpaka ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi baa 0.9 au 1.1, kisha kusubiri na kutazama. Geji ikishuka, pita na kurunzi: kwenye maungio ya mipira, kwenye mshono wa tangi la plastiki na kiini cha alumini cha rejeta, kwenye pampu. Pampu ina tundu dogo chini ya shafti lililotobolewa kiwandani makusudi, ili sili ikichoka maji yatoke nje yaonekane, badala ya kuingia kwenye beringi. Wapo wanaoliziba tundu hilo kwa gundi. Wanakata ulimi wa shahidi.

Uvujaji mwingine hujificha ndani ya gari. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwenye baridi, na yamekuja na hita ambayo hapa hakuna anayeigusa. Hita ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi. Zulia la miguuni likilowa bila mvua, anzia hapo.

Kifuniko cha rejeta kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Ni valvu. Kwa kuzuia presha hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120, na injini ikipoa huyavuta maji kutoka chupa ya akiba kuyarudisha. Springi yake ikilegea, gari huchemka bila tundu lolote popote. Ni kipuri cha bei ndogo, na kinafaa kupimwa kwanza.

Wakati joto linapopanda pia husema mengi. Gari inayochemsha kwenye foleni ya Darajani lakini ikapoa ikishika barabara ya shamba ina tatizo la feni: mota, swichi, mkanda, au ile klachi ya feni iliyoishiwa mafuta yake. Inayokaa vizuri kwenye foleni ikachemsha baada ya kukimbia mwendo mrefu ina maji yasiyopita vya kutosha, na hapo mshukiwa ni rejeta iliyoziba, ndani kwa chokaa au nje kwa vumbi, wadudu na mapezi yaliyoliwa na hewa ya bahari. Sijui kipimo kingine kinachofundisha kiasi hiki bila ya kifaa.

Thamostati ndiyo inayoonewa kuliko vyote. Ndani yake mna kidonge cha nta, ubunifu wa Sergius Vernet wa Marekani katika miaka ya 1930: nta ikipata joto huvimba na kusukuma mlango. Ya Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Kuing'oa na kuitupa kumekuwa kama sunna ya gereji, kwa imani kwamba njia itakuwa wazi zaidi. Katika injini kadhaa za Toyota kifaa hicho, kikifunguka upande mmoja, hufunga upande wa pili njia ya mkato isiyopita kwenye rejeta. Ukikitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa. Na kipimo chake hakina gharama: kining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kinafunguka lini. Kwenye nyuzi 95 kiwe kimefunguka kiasi cha milimita 8.

Maji yakipotea bila kuonekana nje popote, tunaingia kwenye habari nzito ya gasketi ya hedi. Alama zake ni mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta tangu injini inapowashwa, mpira wa juu kuwa mgumu ilhali injini bado baridi, moshi mweupe usiokoma, au mafuta ya injini yaliyopauka na kuwa na povu. Sababu ni hesabu ya joto tena. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi ya nusu mita ikipanda nyuzi 100 hurefuka zaidi ya milimita 1, bloki iliyo chini yake hurefuka kiasi cha nusu yake, na gasketi iko katikati. Kwa joto la kawaida huvumilia. Likizidi, hedi hupinda.

Kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kazi bure. Kwenye injini ya 3S iliyomo katika Noah nyingi za zamani, uso wa hedi hauruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, chini ya unene wa unywele, na jicho haliwezi kuona hilo. Panahitajika rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, kisha hedi ipelekwe kwa mkereza vyuma isawazishwe na kupimwa nyufa kwa presha. Hedi ya 1KZ, ile dizeli ya Prado na Hiace za miaka ya 1990, ina sifa mbaya ya kupasuka kati ya valvu, kwa hiyo kwake kipimo cha nyufa ni lazima. Wakati wa kufunga, boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Mkono haupimi, hata uwe na uzoefu wa namna gani.

Gari ikikuchemkia njiani, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho, ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini rejeta ile ndogo itaipunguzia injini mzigo mpaka upate pa kuegesha. Kisha zima injini. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na yanazuiwa na presha tu; ukiilegeza, hulipuka mvuke usoni. Subiri mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono. Na usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka, maana nyufa nyingi za hedi huanzia hapo.

Kulanti inayomwagika nayo ina mahali pake. Glikoli ni sumu. Kijiko kimoja au viwili vya chai vinaweza kumuua paka, na paka wa Mji Mkongwe hulala chini ya magari. Kwa maumbile paka haonji utamu, ila hukanyaga dimbwi na kujilamba makucha. Mtoto na mbwa huuonja huo utamu na kuupenda. Chini ya vyote kuna mwamba uleule wenye matundu, unaopitisha kila kinachomwagwa mpaka kwenye maji tunayochota. Ikinge kwenye beseni, iwekwe kwenye dumu lenye alama, mbali na watoto.

Baada ya matengenezo jaza taratibu, hita ikiwa wazi, na uitoe upepo wote. Injini iliyo chini ya kiti ina mabomba marefu na hewa hupenda kubaki humo. Iache iungurume mpaka feni iwake au mpira wa chini upate joto. Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko utazame. Ikiwa kulanti imefika mdomoni, funga uende zako. Ikiwa imeshuka, ongeza kulanti ile ile, andika ni kiasi gani, na utazame tena kesho yake. Ikishuka mara ya pili baada ya upepo kutoka, bado kuna tundu, na tundu hilo litafutwe siku hiyo hiyo, kabla dumu la jirani halijaombwa tena.