Quirimbas: Hifadhi Yenye Wenyewe

Msafiri atokaye bandari ya Pemba, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, akaelekea bara hadi Ancuabe na Meluco, hukutana na vilima vya mawe vilivyosimama peke yake katikati ya msitu wa miombo. Ni mawe ya kale mno. Ardhi iliyoyazunguka imemomonyoka kwa zama nyingi, yenyewe yakabaki. Chini ya vilima hivyo hupita tembo, nyati na chui. Mashariki yake mto Montepuez huteremka hadi pwani ya Quissanga, na mbele ya pwani hiyo vimetanda visiwa vya Quirimbas, kikiwamo kisiwa cha Ibo chenye ngome ya kale ya Wareno.

Kilima, msitu, mikoko na matumbawe hayo yote ni hifadhi moja ya taifa, iliyoanzishwa na Serikali ya Msumbiji mwaka 2002. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 7,500, katika wilaya sita. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Quirimbas kuwa hifadhi ya biosfia.

Jambo linaloitofautisha na hifadhi nyingi ni kwamba ina wenyewe. Makumi ya maelfu ya watu, Wamakua na Wamakonde wakulima pamoja na Wamwani wavuvi, waliishi humo kabla ya mpaka kuchorwa, na hawakuondolewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwangalizi wa hifadhi ni kupatanisha matumizi ya ardhi: hapa pa kulima, hapa pa kuvua, hapa paachwe wanyama na samaki wazaliane.

Upatanisho huo si mwepesi. Kundi la tembo laweza kumaliza kwa usiku mmoja mahindi ya mwaka mzima. Wakulima wamejifunza kulima mashamba yao pamoja ili yalindwe kwa urahisi, na kutumia pilipili, ambayo tembo haivumilii harufu yake. Kanuni za nchi zinawapa wanavijiji asilimia 20 ya mapato ya hifadhi. Fungu hilo lina maana kubwa: mtu aliyepoteza shamba lake hawezi kumpenda tembo kwa hotuba tu.

Adui wa nje naye amekuwapo. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2014 ilionyesha kuwa Msumbiji ilikuwa imepoteza karibu nusu ya tembo wake katika miaka mitano, kutoka zaidi ya 20,000 hadi takriban 10,300, na eneo la kaskazini ndilo lililoumizwa zaidi. Sheria mpya ya mwaka 2014 iliongeza adhabu, na marekebisho ya mwaka 2017 yakawafikia pia wanaosafirisha na kuuza pembe. Hapo ndipo kazi ya polisi inapoonekana: pembe haitoki msituni kwa miguu yake. Hupita barabarani, hupita kizuizini, hupita bandarini.

Kisha vita vikaja. Mwezi Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa sehemu kubwa ya nyumba za Ibo. Mwaka 2020 mji wa Quissanga ukavamiwa, na mwaka 2022 mashambulizi yakafika Meluco na Ancuabe. Watalii wakakatika, na asilimia 20 ya kitu kisichokuwapo ni bure. Maelfu ya wakimbizi wa ndani wakatafuta hifadhi Metuge, Ancuabe na Ibo, nao wakahitaji miti ya kujengea na kuni za kupikia.

Katika hali hiyo kambi ya askari si jambo dogo. Wavuvi wa mwambao wana desturi ya dago, yaani kuhama kwa msimu na kupiga kambi visiwani. Wazee wa pwani wanajua kwamba dago lisilo na utaratibu humaliza mikoko, huchafua kisima na kuacha ugomvi. Kambi ya kijeshi nayo hula kuni, maji na miti, tena huenda ikakaa muda mrefu kuliko dago lolote.

Basi, ndugu askari, yapo mambo ambayo hayangoji amri ya makao makuu. Kuni ziwe za miti iliyokwisha kauka. Choo kichimbwe mbali na mto, kwa kuwa maji yale yale hunywewa na kijiji kilicho chini. Moto uzimwe kabisa kabla ya kuondoka, hasa mwishoni mwa kiangazi, wakati moto mmoja wa miombo unapounguza miche yote. Nyama ya porini isinunuliwe, kwani mnunuzi mmoja mwenye mshahara hutosha kuwafanya vijana watatu watege nyaya. Pembe ikionekana, ikamatwe pamoja na mwenye fedha aliyeiagiza, si mbebaji peke yake.

Faida ya nidhamu hiyo haiishii kwa tembo. Anayejua njia za msituni, anayegundua nyayo ngeni kisimani, anayesikia moshi usio wa jirani yake, ni mkulima na mvuvi. Habari hizo humpa askari ambaye hakumkatia mwembe wake wala kumnyang'anya samaki wake. Vita vya ukombozi vilivyoanza Chai, wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, viliwezekana kwa sababu wanavijiji waliwalisha wapiganaji na kuwaonyesha njia. Ardhi ni ile ile, na kanuni haijabadilika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Quirimbas askari ni mgeni, na siku ya kuvunja kambi wenyeji watamhukumu kwa hali ya kisima, ya msitu na ya mashamba aliyowaachia.