Kupima umeme wa misuli: kila kitu kinaanzia kwenye ngozi

Mgonjwa wa kiharusi akibandikwa nyaya kwenye mkono, jamaa zake wanaogopa: eti mashine itamupiga umeme. Hapana, ile mashine inasikiliza tu. Msuli ukijikaza unatoa umeme wake wenyewe, tena kidogo sana, milivolti chache tu. Jiwe moja la redio lina milivolti 1500.

Basi umeme mdogo vile unapaswa kupita kwenye mafuta na ngozi mbele ya kufika kwenye kibandiko, kinachoitwa elektrodi. Njiani unapungua. Mwenye mafuta mengi chini ya ngozi ataonyesha mistari mifupi kwenye kioo, hata kama ana nguvu sawa na mwembamba. Ngozi kavu au yenye manyoya nayo inazuia. Ndiyo maana munganga ananyoa na kupangusa na alkoli, si urembo. Kibandiko kisiposhika vizuri, umeme wa nyumba, ule wa Hezi 50, unaingia na kuvuruga kipimo.

Lakini jambo linalosumbua zaidi ni mahali pa kubandika. Mapendekezo ya Ulaya yanayoitwa SENIAM yanasema elektrodi mbili zifuate urefu wa nyuzi za msuli, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine milimita 20. Ukizisogeza hadi kwenye mshipa unaoshika mfupa, alama inashuka. Ukizitenga mbali, zinasikia majirani. Na kwenye mkono, chini ya kiwiko, majirani ni wengi: msuli wa kunyoosha vidole umelala karibu na ule wa kuinua kiganja.

Hapo ndipo mgonjwa anaweza kuumia. Leo anapimwa, mwezi ujao mtu mwingine anabandika vidole viwili pembeni, mistari inakuwa mifupi, wanasema msuli unazidi kulala. Kumbe unaamka! Kwa hiyo mahali panapimwa kuanzia kwenye mfupa na kuandikwa, na kila siku ya kipimo mgonjwa anakaza kwanza kwa nguvu zake zote, ndipo kazi nyingine ilinganishwe na ile. Yeye pia anaweza kuuliza: "Munganga, mara ya kwanza mulibandika wapi?"

Misuli iliyo ndani kabisa, vibandiko haviisikii vizuri. Kwa ile, munganga anatumia sindano nyembamba.